UZI: Schalke 04, klabu ya wachimba makaa iliyokula hela za kesho

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila ukizuka ubishi wa klabu zilizoanguka vibaya Ulaya, watu hukimbilia Leeds, Parma na Deportivo. Schalke wanaisahau, au wanaitaja kwa kejeli. Hii ni timu iliyocheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2011, Raúl mbele, Manuel Neuer golini. Miaka kumi baadaye ikashuka daraja ikiwa na pointi 16 kwa msimu mzima. Kumi na sita! Leo nashusha stori yake. Ni ndefu, asiye na bando apite kushoto.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipige mawe mapema. Schalke haijawahi kuangushwa na mpinzani. Fuatilia kila anguko lake utakuta hela: ama ililipa isichoruhusiwa kulipa, ama wachezaji wake walipokea wasichotakiwa kupokea, ama ilitumia hela ambayo bado haijaingia.

Tuanze.

Schalke si mji, ni mtaa. Mji unaitwa Gelsenkirchen, uko bonde la Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, ukanda wa makaa ya mawe na chuma. Tarehe 4 Mei 1904 vijana wadogo wa mtaani hapo, bado hawajaota ndevu, walianzisha timu wakaiita Westfalia Schalke. Jezi zao hazikuwa za bluu, zilikuwa njano na nyekundu. Chama cha soka cha magharibi hakikuwataka, wakalazimika kujibanza ndani ya klabu ya mazoezi ya viungo ili wapate kucheza mechi zinazotambulika. Ni mwaka 1924 ndipo walipojitenga, wakachukua jina FC Schalke 04 na rangi za bluu na nyeupe.

Wenye nyumba ni mgodi wa Consolidation. Wachezaji waliandikwa kazi mgodini, na mwaka 1928 uwanja wa Glückauf-Kampfbahn ulijengwa kwenye ardhi ya mgodi huo huo. Hata jina la uwanja ni salamu ya wachimbaji wanaposhuka shimoni. Mashabiki ni wao hao hao, wakitoka zamu wananawa masizi wanakwenda kutazama mpira.

Jambo moja watu hulipita haraka: familia nyingi za wachezaji zilikuwa za wahamiaji kutoka Masuria, kule mashariki kabisa mwa Ujerumani ya wakati huo. Tazama majina: Kuzorra, Szepan, Tibulski, Kalwitzki. Magazeti ya Poland yakaanza kutamba kwamba soka la Ujerumani linaendeshwa na Wapolandi, klabu ikahangaika kueleza wazazi wa wachezaji wamezaliwa wapi. Kwa Ujerumani ya miaka ya 1930 hilo halikuwa suala la kuchekea.

Uchezaji wao uliitwa Kreisel. Msingi wake waliuleta ndugu wawili, Hans na Fred Ballmann, waliokuwa wamekulia soka la Uingereza. Pasi fupi, chini kwa chini, unatoa unahama, unapewa tena. Hapa kwetu tungesema kampa kampa tena. Wakati timu nyingi za Ujerumani zilikuwa za kupiga mpira mrefu na kuukimbilia, Schalke walikuwa wanamzungusha mtu mpaka anakaa chini. Vichwa vya mfumo walikuwa Ernst Kuzorra na Fritz Szepan. Szepan alimwoa dada yake Kuzorra, kwa hiyo pasi zilikuwa za shemeji kwa shemeji.

Sasa anguko la kwanza. Agosti 1930. Soka la Ujerumani lilikuwa la ridhaa: mchezaji anapewa posho ndogo tu, hakuna mshahara. Viwanja vinajaa, hela ya viingilio inaingia, mchezaji anarudi kuchimba makaa. Schalke wakawa wanaongeza kidogo chini ya meza. Walipobambwa, wachezaji 14, karibu kikosi chote cha kwanza, walitangazwa kuwa wa kulipwa na kufungiwa. Mweka hazina wa klabu, Willi Nier, alijitupa kwenye maji akafa. Mtu amekufa kwa sababu ya posho za wachimba makaa, wakuu.

Adhabu ikapunguzwa kwa sababu watu walichachamaa. Tarehe 1 Juni 1931 Schalke ilirudi uwanjani kucheza na Fortuna Düsseldorf, mechi ya kirafiki tu, siku ya kazi. Watu kama 70,000 walijazana kwenye uwanja ambao haukujengwa kwa idadi hiyo, wengine wakakaa hadi kwenye mstari wa goli. Kwangu mimi Schalke kama tunayoijua ilizaliwa siku hiyo. Ile ya 1904 ilikuwa timu ya mtaa tu.

Nikapate chai, narudi.

Mdau #2

Tiririka mkuu, nimeweka kigoda hapa na kahawa yangu. Posho chini ya meza 1930, na sisi tunadhani tumeanza sisi.

Mdau #3

Mleta uzi, unaruka ruka. Ubingwa wao karibu wote ni wa enzi za Hitler. Hiyo ilikuwa timu ya serikali, sema ukweli.

Mleta uzi

Mkuu #3, sikuruka, nilikuwa nafika huko.

Ubingwa wa Ujerumani wanao saba: 1934, 1935, 1937, 1939, 1940, 1942 na 1958. Kwa hiyo sita kati ya saba ni wa enzi hiyo, na kati ya 1933 na 1942 walicheza fainali tisa. Fainali ya 1934 Berlin walikuwa nyuma kwa Nürnberg 1-0 hadi dakika za mwisho kabisa. Szepan akasawazisha, kisha Kuzorra, aliyekuwa anacheza na ngiri, akafunga la pili na inasimuliwa alianguka pale pale hajitambui. Mwaka 1937 wakawa wa kwanza nchini kuchukua ubingwa na kombe msimu mmoja. Mwaka 1939 waliipiga Admira ya Vienna 9-0 kwenye fainali. Fainali!

Timu ya serikali? Hapana kwa maana ya kubebwa. Walikuwa wazuri kabla ya 1933, na fainali ya 1941 walipoteza 4-3 kwa Rapid Wien baada ya kuongoza 3-0. Siku hiyo, tarehe 22 Juni, ndiyo siku jeshi la Ujerumani lilivamia Umoja wa Kisovieti, na mpira ukachezwa kama kawaida mbele ya umati.

Lakini usafi hawana pia. Utawala ulipenda sana sura ya mfanyakazi shupavu anayeshinda, na Schalke walikubali kupigwa picha. Makamu mwenyekiti wao, Paul Eichengrün, daktari wa meno, alikuwa Myahudi. 1933 akaondoka kwenye uongozi. Na Szepan, yule fundi, alichukua duka la nguo ambalo wenyewe Wayahudi walilazimishwa kuliachia. Wenye duka waliuawa baadaye huko Riga. Klabu ilikaa kimya miongo mingi, mpaka ilipoagiza wanahistoria wachunguze kipindi hicho na kitabu kikatoka 2005. Mtaa uliokuwa upewe jina la Szepan karibu na uwanja ukanyimwa jina hilo. Kwa hiyo nikitaja pasi za shemeji kwa shemeji, na hilo duka litajwe.

Baada ya vita wakapata ubingwa mmoja tu, 1958, HSV (timu ya Hamburg) akala 3-0 mjini Hannover, nahodha Berni Klodt akitupia mawili. Tangu siku hiyo mpaka leo hakuna mwingine. Kuna babu na mjukuu wake wamezeeka wote wakisubiri.

Sasa anguko la pili, hili ndilo linaloniuma.

Mwaka 1971 Schalke walikuwa na kizazi hatari. Reinhard Libuda pembeni kulia, jamaa wa chenga, wakamwita Stan kwa sababu ya Stanley Matthews. Husimuliwa kwamba kulikuwa na bango la mhubiri mjini lisemalo hakuna awezaye kumpita Mungu, mtu akaongeza chini yake: isipokuwa Libuda. Mbele kijana Klaus Fischer, mfalme wa tikitaka, aliyemaliza maisha yake ya Bundesliga na mabao 268.

Tarehe 17 Aprili 1971 wanacheza nyumbani na Arminia Bielefeld, timu inayopambana isishuke. Bielefeld inashinda 1-0. Watazamaji wenyewe waliona, walizomea. Wachezaji wa Schalke walikuwa wamepokea mark 40,000 wagawane wauze mechi. Piga hesabu: mchezaji mmoja mmoja alipata mark elfu mbili na kitu.

Siri ikafumuliwa mwezi Juni na Horst-Gregorio Canellas, rais wa Kickers Offenbach, timu iliyoshuka. Alialika watu kwenye sherehe yake ya kuzaliwa, akawasha tepu, wageni wakasikiliza simu za wachezaji wa klabu mbalimbali wakipanga bei. Haikuwa Schalke peke yake. Ila Schalke walifanya jambo la ziada: waliapa mahakamani kwamba hawakupokea kitu. Wakaendelea kuapa kwa miaka, mpaka ushahidi ukawazidi. Wapinzani wakawabatiza klabu ya kiapo cha uongo, na jina hilo bado linaimbwa majukwaani.

Kinachouma ni hiki: msimu wa 1971/72, huku kesi inafukuta, timu ile ile ilichukua Kombe la Ujerumani kwa kuichapa Kaiserslautern 5-0 kwenye fainali, na ligi ikamaliza ya pili nyuma ya Bayern ya Beckenbauer na Müller. Halafu kifungo juu ya kifungo, kikosi kikasambaratika. Waliuza mikaka kumi ya ubingwa kwa bei ya gari bovu.

Mdau #4

"Mikaka" tena? Kidole kimeteleza mkuu, au ndiyo hasira? 😂

Mdau #5

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, uzi zenu nasomaka kimya kimya, lakini mumetaja Gelsenkirchen, sasa siwezi kunyamaza.

Gelsenkirchen njo kwenye Zaïre ilicheza mechi mbili za Kombe la Dunia 1974, mu Parkstadion, uwanja mpya wa Schalke. Ya kwanza Yougoslavie ilitupiga 9-0. Ya pili Brésil, 3-0. Ile video batu banachekaka mpaka leo, ya beki anatoka mu ukuta na kupiga free kick ya Babrezili mbele filimbi haijalia, ilikuwa pale pale. Ule ni Mwepu Ilunga wa Mazembe yetu. Banasema hakujua sheria. Yeye mwenyewe alieleza miaka nyuma: sheria alijua muzuri, ila pesa zao hazikuwafikia, na baada ya yale mabao 9 watu wa Mobutu walikuja kuwaambia wakifungwa zaidi ya tatu na Brésil wasirudi kwao. Ilikuwa 3. Walirudi.

Siye pia tuko batu ya mugodi. Muji wa makaa na muji wa shaba, timu zao zinajuana.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Lubumbashi, asante sana, hii ilistahili uzi wake. Na ni kweli Brazil walihitaji mabao matatu pale ili wavuke kundi, wakayapata kwa shida.

(#4, "miaka" hiyo. Tuendelee.)

Parkstadion lilikuwa dude la zege lenye njia ya riadha kuzunguka nyasi, upepo unakupiga, mpira unauona kwa mbali. Schalke wakahamia 1973, kizazi kile kinaondoka, na migodi nayo inaanza kufungwa. Wakashuka 1981, wakapanda, wakashuka 1983, wakapanda, wakashuka 1988. Katikati ya vurugu hizo kuna mechi moja ya kuitafuta mtandaoni usiku wa leo: nusu fainali ya kombe, Mei 1984, Schalke ya daraja la pili 6, Bayern 6. Kijana Olaf Thon, ametimiza miaka 18 siku moja kabla, anafunga matatu, la mwisho sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Alikuwa analala kwenye shuka za Bayern, alikuwa shabiki wao tangu mtoto!

Mwaka 1989 akaja rais tajiri, Günter Eichberg, mwenye zahanati za mishipa ya miguu. Alimwaga hela, akawapandisha, kisha 1993 akaondoka na kuacha madeni. Mwaka huo huo alirudi Rudi Assauer, meneja wa sigara kubwa mdomoni. Huyu bwana mtakavyomsema, ila bila yeye tungekuwa tunaisoma Schalke kwenye vitabu.

Kisha 1997. Kombe la UEFA. Raundi ya kwanza wanaitoa Roda ya Uholanzi, na wakampenda kocha wa Roda, Huub Stevens, wakamchukua msimu ukiendelea. Mzee wa sifuri: kwanza usifungwe. Kikosi cha kawaida kabisa, Wilmots, Thon aliyerudi kutoka Bayern akiwa beki wa mwisho, Lehmann golini, Němec, Büskens, Anderbrügge. Fainali na Inter: nyumbani 1-0, shuti la mbali la Wilmots. San Siro wakafungwa 1-0 na Zamorano dakika za lala salama. Penalti. Lehmann anaokoa ya kwanza ya Zamorano, Winter anakosa, Wilmots anamalizia, 4-1. Mashabiki kama elfu ishirini na ushee walikuwa wamesafiri hadi Milan kutoka mji ambao watu wengi hawana kazi za uhakika.

Na sasa 19 Mei 2001. Kaeni vizuri.

Wiki moja kabla, raundi ya 33, Schalke na Bayern zina pointi sawa. Dakika ya 90 Balakov wa Stuttgart anaifunga Schalke. Karibu sekunde hiyo hiyo Zickler anaifungia Bayern bao la ushindi dhidi ya Kaiserslautern. Kwa hiyo siku ya mwisho Bayern wako mbele kwa pointi tatu, wanahitaji sare tu Hamburg. Schalke ina tofauti nzuri ya mabao, lazima ishinde na iombe HSV ishinde.

Parkstadion, mechi ya mwisho kabisa kwenye uwanja ule. Mgeni ni Unterhaching, timu ndogo inayopigania isishuke. Inaongoza 2-0. Inasawazishwa. Inaongoza tena 3-2. Schalke wanaamka, Böhme mawili ya haraka, Ebbe Sand anamaliza, 5-3. Na Hamburg dakika ya 90, Sergej Barbarez anapiga kichwa, HSV 1, Bayern 0. Gelsenkirchen imepasuka. Filimbi ya mwisho kwao imelia, watu wameingia uwanjani, fataki zinaruka, na mtangazaji mmoja wa televisheni anaambia watu kwamba Hamburg imeisha. Haijaisha.

Kwenye skrini kubwa ya uwanja wanaona picha za Hamburg zikiendelea. Kipa wa HSV, Matthias Schober, kijana aliyekulia Schalke hiyo hiyo (Mungu wangu), anadaka mpira ulioguswa na mwenzake Ujfaluši. Refa Markus Merk anasema ni pasi ya kurudishwa. Faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi. Dakika ya nne ya nyongeza. Effenberg anagusa, Patrik Andersson, beki Mswidi ambaye hakuwa amefungia Bayern bao lolote la ligi, anautwanga ukapita katikati ya miguu yote ile. 1-1. Bayern bingwa kwa pointi moja.

Ubingwa wa Schalke ulidumu dakika nne na ushee. Assauer alisema tangu siku hiyo haamini tena kama kuna mungu wa mpira. Wiki iliyofuata wakachukua Kombe la Ujerumani kwa kuifunga Union Berlin 2-0, na sijakutana na shabiki wa Schalke anayelikumbuka kwa furaha.

Mdau #6

Mimi Bayern damu. Andersson oyeee! Faulo ilikuwa halali, kipa alidaka kwa mikono mliona wenyewe.

Mdau #3

Halali gani, beki alikuwa anaokoa si kurudisha. Merk mwenyewe hakukanyaga Schalke kuchezesha kwa miaka.

Mdau #2

Mleta uzi, mpaka hapa naona bahati mbaya tu. Ulituahidi hela.

Mleta uzi

Hela hii hapa, mkuu #2.

Agosti 2001 wakahamia uwanja mpya, kazi ya Assauer. Nyasi zinatolewa nje kama droo zikaote jua, paa linafunga, bia inapita kwenye mabomba yenye urefu wa kilomita tano. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2004, ile ya Porto ya Mourinho, ilichezwa hapo. Lakini ulijengwa kwa mikopo. Na 2003 klabu ikakopa tena London kwa kuweka rehani mapato ya viingilio vya miaka mingi ijayo. Yaani shabiki ambaye bado hajazaliwa, tiketi yake imeshaliwa.

Mpango ulikuwa rahisi: tukicheza Ligi ya Mabingwa kila mwaka, deni linalipika. Wakawa wanasajili kama timu ambayo lazima iwepo kule. 2007 wakaongoza ligi muda mrefu, raundi ya 33 wakaenda kwa watani wa jadi, Dortmund, timu isiyo na cha kupigania zaidi ya kuwaharibia. 2-0. Stuttgart bingwa. Mwaka huo huo Gazprom, kampuni ya gesi ya Urusi, ikaingia kifuani mwa jezi kama mdhamini, hela nono, na watu wakaacha kuuliza maswali.

Ndipo 2011, Raúl, Inter akala 5-2 San Siro, nusu fainali na Man United. Raha tupu. Ila wakati huo huo kulikuwa na kitu chenye thamani kuliko Raúl: shule yao ya vijana. Mabingwa wa dunia wa 2014, Neuer, Höwedes, Özil na Draxler, wote walipitia hapo. Sané pia. Klabu yenye kiwanda cha hivyo inashindwaje kulipa madeni?

Hivi: Joel Matip aliondoka bure kwenda Liverpool 2016. Kolašinac bure Arsenal 2017. Goretzka bure Bayern 2018. Max Meyer bure Crystal Palace 2018. Kipa Nübel bure Bayern 2020. Mikataba iliachwa iishe, mmoja baada ya mwingine, huku hela ya Sané ikinunua watu wa mishahara mikubwa ambao hawakuuzika tena. Hapa mimi sina huruma. Mwenye mgodi anayeacha lango wazi usiku asimlaumu mwizi.

Mwenyekiti wa bodi ya usimamizi kuanzia 2001 alikuwa Clemens Tönnies, tajiri wa machinjio. Agosti 2019 akiwa Paderborn alisema kwamba badala ya kupandisha kodi kwa ajili ya mazingira, bora kufadhili mitambo ya umeme Afrika, ili Waafrika waache kukata miti na kuzaa watoto giza likiingia. Klabu yenye Gerald Asamoah, mzaliwa wa Ghana, kama mmoja wa watoto wake wapendwa! Asamoah alisema hadharani kwamba maneno yale yamemuumiza. Baraza la nidhamu la klabu likaishia hapo: Tönnies akakaa pembeni miezi mitatu, akarudi. Alikuja kujiuzulu Juni 2020, baada ya korona kulipuka kiwandani kwake na mashabiki kuandamana.

Na korona ndiyo ilifunua chungu. Mechi zilipositishwa wiki chache tu, klabu ikawa haina pumzi. Deni lilikuwa limevuka euro milioni 200. Uwanjani, kuanzia Januari 2020 hadi Januari 2021, mechi 30 za ligi bila ushindi, moja tu pungufu ya rekodi ya Tasmania Berlin ya 1965/66. Makocha watano msimu mmoja, akiwemo mzee Stevens aliyeitwa kuzima moto. Tarehe 20 Aprili 2021 wakashuka, mbele ya nani? Bielefeld, 1-0. Matokeo yale yale ya mechi iliyouzwa, miaka hamsini na siku tatu baadaye. Usiku basi lilipofika uwanjani, mamia ya mashabiki walikuwa wanasubiri; wachezaji walitupiwa mayai, wakafukuzwa, wengine wakapigwa mateke.

Februari 2022 Urusi ilipovamia Ukraine, Gazprom ikafutwa kifuani ndani ya siku chache. Hela ya mwisho rahisi ikaondoka. Mei mwaka huo wakapanda kwa kuigeuza St. Pauli kutoka 0-2 hadi 3-2, Terodde akimaliza na mabao 30, kocha wa muda Büskens yule yule wa 1997. Mwaka mmoja baadaye wakashuka tena.

Mdau #7

Shikamoo wakubwa. Mimi mwanachama wa moja ya timu zetu mbili za Kariakoo, sitaji. Swali langu: kwa nini hawakuuza hisa? Sisi hapa kanuni zinasema wanachama 51, mwekezaji 49, na angalau usajili unaonekana.

Mleta uzi

Marahaba. Swali zuri. Ujerumani nako wanachama lazima wabaki na kura nyingi, ni kanuni ya tangu 1998. Bayern wameuza vipande kwa Adidas, Audi na Allianz. Dortmund wako soko la hisa tangu 2000, na 2005 nusura wafe nao, kwa hiyo hisa si dawa ya mtumiaji mbovu. Schalke hawajauza chochote. Ni chama cha wanachama mpaka leo, zaidi ya 150,000, na hoja ya kuigeuza kampuni ikipelekwa mkutano mkuu inazomewa kabla haijasomwa. Assauer, Tönnies, Gazprom: wote hao waliingia bila kununua hata hisa moja, na bado walikuwa na neno la mwisho. Hapo asilimia 51 haikusaidii.

Njia waliyochagua mwanzoni mwa 2025 ni ushirika. Si kampuni, ushirika kama wa kahawa na pamba tunaoujua. Shabiki ananunua hisa ya euro 250, awe na moja au mia ana kura moja, na fedha inakwenda kununua sehemu ya uwanja kutoka kwa klabu ili klabu ilipe madeni.

Mdau #2

Kwa hiyo shabiki aliyewekewa rehani tiketi 2003 sasa ananunua uwanja uleule ili klabu ilipe ile rehani?

Mleta uzi

Ndiyo, mkuu. Na walijiunga kwa maelfu.

Mdau #6

Hawa watu wamelogwa. Tunawaombea kheri lakini Andersson oyeee.